Mada: Picha na kanda za kaseti za Amu (Lamu), kabla hujaanza kuskani

Kutoka: Leicester

Assalaam alaykum jamaa wote,

Masanduku ya picha na kanda za zamani za jamaa yameanza kufunguliwa huku na huko, na kila mtu anauliza anunue mashine gani ya kuskani. Naomba tuanze na majina. Mashine tutaipata hata mwakani, lakini anayejua kwamba huyu aliyeketi kwenye daka (kibaraza cha mlangoni) ni nani, mwana wa nani, na nyumba hiyo ni ya mtaa wa Mkomani au wa Langoni, huenda mwakani tusimpate.

Weka picha mezani mbele ya mzee, washa kinasa sauti cha simu, kisha nyamaza. Usimuulize mwaka, muulize ilikuwa kabla ya nani kuolewa, au mtoto gani alikuwa tumboni. Hapo tarehe hujitokeza yenyewe. Akikutajia mwaka wa Hijria, uandike huohuo, na wa Miladi uweke pembeni. Nguo nazo zina habari: kanga yenye maandishi ya Kiarabu kwa kawaida ni ya zamani kuliko ile ya herufi za Kirumi, ingawa mtu aweza kuvaa ya mamake, kwa hiyo isiwe ushahidi wa pekee.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini ya 2B, juu ya kitu kigumu, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hutokeza upande wa uso. Karatasi zenye utando wa plastiki hazishiki penseli; hizo zitie kwenye bahasha, na uandike bahasha kabla ya kutia picha.

Kisha suala la heshima. Picha nyingi za harusi zilipigwa ndani, wanawake wakiwa hawana buibui. Kila jina la faili liishie kwa herufi: W ni ya wazi, J ya jamaa tu, K ya kina mama tu. Za K zinaskaniwa na wanawake na kuhifadhiwa na wanawake. Mwenye picha asipojibu, ni K.

---

Kutoka: Toronto

Wa alaykum salaam. Naongeza ya kuskani.

Tumia skana bapa. Ile inayovuta karatasi ndani huchubua picha. Picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi), kwa rangi hata kama ni nyeusi na nyeupe, na uihifadhi kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Faili moja itafika MB 25 hivi. Ya pasipoti iende 1200. Zima kila kitu kinachojiita "boresha". Skani na upande wa nyuma pia, maana mhuri wa studio uko huko.

Albamu zenye kurasa za gundi na nailoni juu ndizo zinazoharibu picha nyingi. Ukivuta kona, picha hupinda na uso hupasuka. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, uusogeze polepole kama anayekata sabuni. Ikigoma, iskani ikiwa palepale kwenye ukurasa. Na iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue kabisa. Iskani pamoja na kioo chake.

Jina la faili: AMU-0001-J.tif, bila nafasi. Maelezo yote yakae kwenye jedwali moja lenye namba hiyohiyo. Msitumiane kwa WhatsApp kama picha, inazibana. Itume kama hati.

---

Kutoka: Muscat

Kanda ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ukizicheza vibaya hata mara moja, hiyo yaweza kuwa mara ya mwisho.

Kwanza vunja vile vijino viwili vya mgongoni ili usije ukarekodi juu yake. Tazama kidirishani: kile kisponji kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha mtambo (kile kinachousoma) kipo? Mara nyingi gundi yake imekauka na kimeanguka, sauti ikawa inakuja na kupotea. Kaseti yenye skrubu ifungue, hamisha utepe kwenye ganda jipya. Iliyogandishwa kiwandani itabidi kuipasua ukingoni kwa uangalifu. Ukungu mweupe ukionekana, usiicheze. Itenge, kwani utauambukiza mtambo na kanda zinazofuata.

Ipeleke mbele hadi mwisho na kuirudisha mara moja kabla ya kusikiliza. C120 (kaseti ya dakika 120) usiizungushe kwa kasi, utepe wake ni mwembamba mno na hukatika. Kichwa cha mtambo kisafishe kwa alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, kila baada ya kanda chache.

Sauti ikiwa kama mtu amejifunika shuka, mara nyingi kanda haina kosa: kichwa cha mtambo uliorekodi kilielekea upande tofauti na chako. Iko skrubu ndogo pembeni ya kichwa. Izungushe robo kwa robo huku ukisikiliza pembe za vugo, zile zinazopigwa kwenye ngoma ya harusi. Zikilia kwa ukali wake, acha hapo. Kwenye kompyuta hili halirekebishiki vizuri baadaye.

Rekodi kwa WAV (faili ya sauti isiyobanwa), 48 kHz, biti 24, na sauti ya juu kabisa isipite -6 dB kwenye kipimo cha programu. Saa moja ni takriban GB 1. Usiondoe mvumo kwenye nakala kuu. Ya tarabu iliyouzwa madukani isipandishwe mtandaoni, ina wenyewe. Tunachotafuta ni sauti za nyumbani.

---

Kutoka: Oslo

Kwa mnaonukuu maneno: andikeni mnavyosikia. Bibi akisema "ndia", "mato", "nti", msiandike njia, macho, nchi. Maana ya Kiswahili sanifu iende safu ya pili. Neno lisiposikika, weka dakika na sekunde na alama ya kuuliza, usibuni.

---

Kutoka: Leicester

Kuhusu kupeleka nakala nyumbani Amu: diski mbili, za aina tofauti, zisafiri na watu wawili. Zipangwe (format) kwa exFAT ili zifunguke kwenye Windows na Mac. Unyevu na chumvi ya pwani huua diski, kwa hiyo itiwe kwenye kopo lenye mpira wa kuziba na pakiti za kukausha, na iwashwe kila baada ya miezi sita kuhakikisha inasomeka. Nakala ya tatu ibaki huku. Makumbusho wapewe zenye W pekee, na kwa barua inayotaja nani anaruhusiwa kufanya nini nazo. Za K hazimo katika diski hizo; zina diski yake, na funguo iko kwa kina mama.