Nimelipa Shilingi 50,000 Nisikilize Mashairi, Nikaambiwa Nikayasome Nyumbani

Mwalimu wa Tororo:
Ndugu wanajukwaa, sasa ni saa tisa usiku, masikio yangu bado yananguruma kama lori la miwa linalopanda mlima, na sitalala kabla sijasema. Rapa aliyetumbuiza jana mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kutoka Arua hadi Busia hakuna kafunda, yaani kibaa cha mtaani, ambalo halipigi nyimbo zake, na ile miwani ya jua anayoivaa gizani mnaijua pia.

Nimesafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Kampala kwa ajili ya ubeti wake wa pili, ule ambao wanafunzi wangu huuandika kwenye majalada ya madaftari yangu ya Kiswahili. Ulipofika, besi iliingia kama kiboko aliyekosea njia. Nikasikia “mama”, kisha kishindo, kisha “njaa”, kisha kishindo kingine. Katikati ya maneno hayo mawili huenda alisimulia maisha yake yote, au alisoma bei za matooke. Nikasimama na kusema kwa adabu zote: “Mheshimiwa, maneno hayasikiki!” Akasimamisha mdundo (kumbe husimama!), akanigeukia, akasema kwa kipaza sauti ambacho wakati huo kilisikika vizuri kuliko mwadhini: “Mzee, maneno kayasome nyumbani, hapa tunaruka.”

Kayasome nyumbani! Mimi ninayefundisha vina na mizani kila Jumatatu! Wazee wetu wa kadongo kamu, ule muziki wa Kiganda wa kusimulia visa, walitosheka na gitaa moja, na watu walimsikiliza marehemu Paulo Kafeero kisa kizima bila kukohoa. Rapa Babaluku na wenzake wa kundi la Bataka Squad waliujenga mtindo wa Luga Flow ili Kiganda kisikike ndani ya rapu, si ili kizikwe. Leo ninaambiwa nikasome nyumbani, tena mbele ya watu walioruka kwa furaha niliposemwa.

Mkazi wa Bombo:
Pole, mwalimu, lakini alikujibu kihistoria. Kule Bronx, New York, hip hop ilikozaliwa, tarehe 11 Agosti 1973, DJ Kool Herc alikuwa akiwachezesha watu kwenye sherehe, akirudia kile kipande cha ngoma walichokipenda, na aliyeshika kipaza sauti alikuwa mchangamshaji tu. Mdundo ndiye kaka mkubwa. Mashairi yalizaliwa baadaye na sasa yanadai urithi wote.

Fundi Spika:
Mwalimu, ulikaa wapi?

Mwalimu wa Tororo:
Mbele kabisa, kwenye viti vya wageni wa heshima.

Fundi Spika:
Basi ulilipa 50,000 ili ukae mapajani mwa spika za besi. Sauti nyembamba za “s”, “t” na “k” ndizo zinazotenganisha neno na neno, nazo hazifiki popote ukikaa mbele ya besi ndefu ya mtindo wa 808, ile mashine ya kutengenezea midundo ambayo kampuni ya Roland iliitoa mwaka 1980 na ambayo bado inawatesa mafundi kama mimi. Waliokaa nyuma kwa 20,000 walisikia kila kitu, pamoja na wewe ulivyotukanwa.

Nnyabo wa Busia:
Msikie nini, na alikuwa akiimba juu ya CD? Mimi nilimwona akinywa maji katikati ya ubeti, na ubeti ukaendelea wenyewe.

Mwalimu wa Tororo:
Ina maana hata lile neno la “kayasome nyumbani” lilikuwa ndani ya CD?

Mkazi wa Bombo:
Hilo lilikuwa la moja kwa moja, ssebo. Ndiyo maana lilikuwa shairi bora la usiku mzima.

Prodyuza Bila Malipo:
Nyote mnalaumu mdundo, lakini hakuna anayeuliza kwa nini unajazwa. Rapa anakuja studio saa nne usiku, nikimwomba mistari 16 ananipa minne na “eh, eh”, kisha ananiambia nifunike pengo kwa ngoma. Wimbo ukipendwa anasifiwa kwa utunzi, ukichukiwa ninalaumiwa kwa kelele. Kuna mmoja, naye mnamjua, ambaye hajanilipa tangu Krismasi.

Rapa Asiye na Bahati:
Afadhali wewe unadai fedha. Mimi nilimpelekea prodyuza beti tatu nilizozitunga kwa miezi miwili, akakata mbili akisema zinapoza wimbo, na hiyo moja iliyobaki akaitanguliza kwa jina lake mara tatu. Jina lake linasikika kuliko langu, na mimi ndiye niliyelipa.

Nnyabo wa Busia:
Hayo majina ya maprodyuza nimeyachoka! Mtoto wangu anayajua kabla ya kujua jina la babu yake.

Mwalimu wa Tororo:
Jamani, tulikuwa tunazungumzia ubeti wa pili. Mtu mzima niliambiwa nikayasome nyumbani.

Prodyuza Bila Malipo:
Mwalimu, ngoja kidogo. Wewe Rapa, nimekutambua, na jina langu linatajwa mara mbili, si mara tatu.