PS3 mbili zikiunganishwa, picha itakuwa kali zaidi?

Wa Kayole: Wadau, nina kibanda cha gemu na PS3 (PlayStation 3, mashine ya gemu) mbili. Moja hugandisha picha katikati ya mechi, feni ikivuma, kisha inazima. Nikiziunganisha kwa waya wa mtandao zitasaidiana? Nimeshaweka akiba ya kununua ya tatu.

Fundi wa Luthuli: Kaka, shika hiyo pesa kwanza. Gemu lazima iwe imeundwa kugawana kazi, na karibu zote hazijaundwa hivyo. Gran Turismo 5, gemu ya mbio za magari ya 2010, ilikubali hata PS3 tano, lakini kila moja na runinga yake na diski yake. Unaona barabara pana zaidi, basi.

Wa Kayole: Na zile PS3 nyingi ambazo jeshi la Marekani liliziunganisha?

Fundi wa Luthuli: Jeshi la Anga liliunga zaidi ya 1,700, mwaka huohuo. Ilikuwa kompyuta ya mahesabu, si ya gemu. Tatizo la yako ni joto. Juzi nilifungua moja: vumbi limeganda kwenye feni kama pamba ya godoro, pesti ya prosesa (ile dawa ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu kuu) imekauka, inabanduka kama chokaa. Isafishwe, pesti ibadilishwe.

Mama Gemu, Umoja: Ni kweli, ndugu yangu. Yangu niliitoa tu kwenye kabati la vioo, ikaacha kuzima.

Wa Kayole: Asanteni sana. Kesho asubuhi naileta kwako Luthuli.