Mama kawa wa njano, wanataka kumtoboa ubavuni

Binti wa Pangani
Shikamooni wakubwa. Mama ana miaka 67. Wiki ya tatu sasa macho yamekuwa kama binzari, mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka kama jivu. Anajikuna usiku kucha. Nimemkata kucha zote, bado asubuhi shuka lina damu. CT imeonyesha uvimbe kwenye kongosho umebana mrija wa nyongo. Bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo kwenye damu, ni 310, na kawaida haizidi 20 hivi. Walipitisha kamera mdomoni ili wamwekee stenti, kibomba cha kuuzibua mrija, wakashindwa. Sasa wanataka kumtoboa ubavuni ili nyongo itoke. Kaka anasema tujaribu majani kwanza. Ninaogopa. Atavumilia?

Baba Nuru
Marahaba mwanangu, pole. Marehemu kaka yangu alifanyiwa hivyo. Hawakumpasua. Walimchoma ganzi kati ya mbavu upande wa kulia, sindano nyembamba ikaongozwa kwa ultrasaundi na eksirei mpaka ndani ya ini, wakapitisha waya, kisha mrija juu ya waya. Nyongo ikashuka kwenye mfuko, nzito, kijani inayokaribia weusi. Usiku wa nne alilala bila kujikuna, akaamka anadai uji. Macho yalichukua wiki kadhaa. Uvimbe ulibaki palepale, nisikufiche, ila manjano yaliposhuka ndipo daktari alipokubali kumwanzishia dripu za saratani. Majani hayazibui mrija uliobanwa, mwambie kaka yako.

Muuguzi wa zamu
Dada, nyongo isipofika kwenye utumbo, mwili haufyonzi vitamini K, na damu inachelewa kuganda. Kwa hiyo watampima kwanza. Kama anatumia aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, sema mapema.
Nyumbani mfuko ukae chini ya kiuno, na uandike kila siku umetoa mililita ngapi. Ukitoa nyingi, anapoteza maji na chumvi. Muulize daktari kuhusu ORS. Akipata homa na kutetemeka, au mfuko ukikauka ghafla, msingoje kukuche. Mrija ukichomoka, usiurudishe: funika kwa gozi safi, mpeleke.
Uliza pia kama baadaye wanaweza kupitisha stenti ya ndani kwa tundu hilohilo, aachane na mfuko.

Binti wa Pangani
Asanteni mno. Ni Alhamisi. Vitamini K wamemchoma leo, na la stenti nimeliandika nyuma ya kadi yake. Kaka amesoma majibu yenu, hajasema kitu, ila ametuma nauli.