Natoka Makambako nakuja kuanza kazi Dar, nipange karibu na kazi au mbali kwenye kodi nafuu?

Kijana wa Makambako: Wakuu habari za jioni. Nimepata kazi pale Posta, katikati ya mji, naanza mwezi ujao, na Dar sijawahi kuishi, nilipita tu enzi zile stendi ya mkoa ikiwa bado Ubungo. Mshahara laki sita. Dalali kanitajia chumba Sinza laki na nusu, mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Binamu yangu anasema niende kwake Chanika, elfu hamsini, miezi mitatu inatosha. Mnanishauri vipi?

Mama Pacha: Karibu mdogo wangu. Jibane uchukue Sinza. Chanika mpaka Posta utaamka saa kumi usiku ugombee gari, ufike Gongo la Mboto ugombee tena, unarudi saa tatu usiku hata kubandika maji ya chai huwezi. Mimi nimeishi hivyo miaka miwili, watoto walikuwa wananiona Jumapili tu. Na Kigamboni usije ukadanganywa, ile siyo Dar, ni kijiji cha kuvukia panton.

Wa Feri: Mama Pacha hapo umenikera kweli. Kijiji kivipi? Mimi navuka kila siku, saa kumi na mbili asubuhi geti likifunguliwa tunaingia mbio, bodaboda, wauza samaki na mabeseni, wanafunzi, wote humo, natoa mia mbili yangu, nikishuka Magogoni ni mguu mpaka Posta. Wewe wa Sinza saa hiyo uko wapi? Umekaa Magomeni unaangalia matako ya gari la mbele.

Mama Pacha: Usinitukane, mimi ni mtu mzima. Nimesema kijiji maana mvua ikinyesha mnatembea na viatu mkononi.

Wa Feri: Sijakutukana dada, nisamehe kama limekaa vibaya. Ila daraja la Kurasini lipo tangu 2016, na Kigamboni ni wilaya kamili, ilimegwa Temeke. Sio Dar kwa kigezo gani?

Mjukuu wa Gerezani: Mnagombana bure. 2021 kama sikosei mwanzoni mwanzoni hivi, Magufuli alivunja halmashauri ya jiji ya zamani, Ilala ndo ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Sinza iko manispaa ya Ubungo. Chanika iko Ilala. Kwa hiyo kisheria anayekaa jijini ni binamu wa Chanika!

Mama Pacha: Hizo za kwenye makaratasi. Mwambie konda "nishushe mjini" ukiwa Chanika uone atakupeleka wapi.

Fundi Rangi: Jamani huyu kijana anataka kulipa hela, mnamwacha hapo. Sikia mdogo wangu, laki na nusu mara sita ni laki tisa, weka mwezi mmoja wa dalali, umefika milioni na hamsini, na godoro hujanunua. Kabla hujatoa hata mia, nenda kaangalie chumba mwenyewe mchana, usilipie picha za simu. Usogeze kabati au pazia uangalie ukuta. Mimi napaka rangi miaka mingi, nyumba za bondeni kule Kigogo, Mkwajuni, kandokando ya Msimbazi, kila baada ya masika naitwa kupaka kuanzia chini mpaka kiunoni tu, juu wanaacha ile ya zamani. Ukiona rangi mbili namna hiyo, maji yalifika hapo. Mwaka 2011 mwezi wa 12 watu wa bondeni wengine walihamishiwa Mabwepande, na bado vyumba viliendelea kupangishwa.

Wa Feri: Na afungue bomba anawe na sabuni. Ikikataa kutoa povu hayo ni ya kisima cha chumvi, maji ya kunywa atanunua kila siku, na hiyo kwenye kodi hawakwambii.

Mama Pacha: Tena ya Kigamboni ndo chumvi tupu.

Wa Feri: Umeanza tena! Visima vya Mbezi Beach vina asali?

Kijana wa Makambako: Nimewaelewa wakuu, asanteni sana, ya ukuta sitaisahau. Ila kuna mtu mwingine kanipigia leo, ana chumba Toangoma elfu sabini na luku ya umeme kila mtu na yake. Ni mbali?

Mjukuu wa Gerezani: Toangoma nzuri tu, unatokea Kongowe unashika gari za Mbagala.

Wa Feri: Karibu Kigamboni mdogo wangu!

Mama Pacha: Toangoma ni Temeke bwana, tangu lini ikawa Kigamboni?