Seli shina za viinitete Marekani: vyuo vilitenganishaje fedha?

Mchokozi wa Hoja
Wakuu, kila mjadala wa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) ukianza utasikia "Bush alipiga marufuku". Mbona California ilipitisha dola bilioni 3 mwaka 2004, yeye akiwa bado Ikulu? Chuo chenye ruzuku ya NIH (taasisi ya serikali kuu inayogharimia utafiti wa afya) na fedha za jimbo ndani ya jengo moja kilifanyaje kazi? Na seli za Yamanaka, zile za kawaida za mwili zinazorudishwa kuwa seli shina bila kiinitete, hazijamaliza ubishi?

Kifungu
Utafiti haukupigwa marufuku, ilifungwa hazina tu. Tena kwa kufuli mbili. Ya kwanza ni kifungu cha Dickey-Wicker, kinachopachikwa kwenye sheria ya bajeti kila mwaka tangu 1996: fedha za serikali kuu zisigharimie utafiti unaoharibu kiinitete. Ndiyo maana James Thomson wa Wisconsin alizitoa seli za kwanza, 1998, kwa fedha za kampuni ya Geron. Ya pili ni ya Bush, 9 Agosti 2001: NIH igharimie nasaba za seli (koo za seli zinazoendelea kukuzwa maabara kutoka kiinitete kimoja) zilizokuwepo siku hiyo tu. Zilitangazwa zaidi ya 60, zikawafikia watafiti 21 hivi. Obama aliiondoa Machi 2009. Ya kwanza ipo mpaka leo: NIH italipia kuzitumia seli, si kuzitoa.

Hesabu za Maabara
Mkuu, NIH haikudai jengo la pili. Ilidai gharama zitenganishwe, na hapo ndipo penye kazi. Kila chupa ya chakula cha seli ina namba yake ya akaunti. Mtaalamu anayelipwa mshahara na NIH hagusi nasaba isiyoruhusiwa, hata kuyeyusha kichupa kimoja. Umeme na kodi ya chumba navyo vinagawanywa.

Vikwazo vilikuwa kwenye vifaa vya pamoja: hadubini, tangi la naitrojeni kimiminika. Inkubeta (kabati la joto la kukuzia seli) ikizima usiku, huwezi kuhamishia sahani kwenye ya jirani iliyonunuliwa kwa ruzuku. Vyuo vingi vikaona heri kununua kila kitu mara mbili na kubandika vibandiko vya rangi. Ni ufujaji, lakini mkaguzi alikuwa anatisha zaidi. Na zile bilioni za California ni hati fungani, yaani mkopo wa jimbo. Kesi zilizikwamisha hadi 2007.

Sahani ya Petri
Kuhusu Yamanaka (panya 2006, binadamu 2007): ubishi umepoa, haujaisha. Kati ya jeni nne anazotumia kuzirudisha seli nyuma, c-Myc huchochea saratani, na virusi vya mwanzo vilivyobeba jeni hizo vilijipachika ndani ya DNA. Mpaka leo seli za kiinitete ndizo kipimo cha kulinganishia.

Anayeandika bajeti asisahau: aina zote mbili hujiongezea vipande vya kromosomu zikikuzwa muda mrefu, hasa 20q11.21 (sehemu ndogo ya kromosomu namba 20). Kipimo cha kawaida cha kupaka rangi kromosomu mara nyingi hakikioni kipande hicho kwa udogo wake, kwa hiyo weka fedha ya kipimo cha DNA pia. Halafu posho ya Jumapili. Kwa njia ya kawaida chakula cha seli hubadilishwa kila siku, na zikisahaulika wikendi zinaanza kugeuka ovyo kuwa seli za aina nyingine.

Mchokozi wa Hoja
Nimekupata. Na viinitete vyenyewe NIH inavikubali vya aina gani?

Kifungu
Vilivyobaki baada ya matibabu ya uzazi tu, waliovitoa wakiridhia kwa maandishi, bila malipo.