Mama ana saratani ya ngozi kwenye kope la chini: baada ya kuikata, pazibwe vipi?

Kijana wa Mama: Wakuu, habari. Mama amekutwa na saratani ya ngozi ya seli za basali, kope la chini upande wa puani. Daktari ametaja kupandikiza ngozi ya nyuma ya sikio, au kuvuta ngozi ya jirani. Mama anataka kovu dogo, mimi naogopa jicho lisije likashindwa kufumba. Waliopitia, mlichagua ipi?

Msomaji Kimya: Poleni sana. Aina hiyo ndiyo inayoongoza kwenye kope. Ni nadra kusambaa mwilini, ila ikiachwa inakula kwenda ndani. Msichague sasa hivi! Kwanza itoke, maabara ithibitishe kingo ni safi, yaani hazina saratani, ndipo ukubwa wa shimo ujulikane. Ulizia upasuaji wa Mohs: wanakata tabaka, wanapima kwa hadubini, wanarudi pale tu palipobaki ugonjwa. Pengo la robo ya kope mara nyingi linashonwa bila kuazima ngozi popote.

Jicho Bandeji: Langu lilikuwa zaidi ya nusu ya kope, nikafanyiwa upasuaji wa Hughes. Wanashusha utando wa ndani wa kope la juu kujenga la chini, halafu wanaweka ngozi kwa nje. Jicho linabaki limefumbwa wiki kadhaa, kisha unarudi kufunguliwa. Kumimina maji kwa jicho moja ni mtihani, yanaenda pembeni ya glasi. Kama jicho la pili la mama ni bovu, daktari ajue mapema.

Dada wa Wodini: Upande wa puani mimi ningeanza kuuliza kuhusu njia ya machozi. Ikikatwa, huwekwa kamrija ka silikoni, la sivyo machozi yatamtiririka kila siku. Kijana, hofu yako ina msingi: ngozi ya kupandikiza hunywea, ikivuta kope chini jicho linabaki wazi na kukauka. Ngozi ya kuvutwa kutoka paji la uso inaishi vizuri ila ni nene, kovu linaonekana. Shimo dogo kwenye kona ile wakati mwingine huachwa lijazie lenyewe.

Kijana wa Mama: Nashukuru sana. Anatumia aspirini ya moyo, aiache?

Dada wa Wodini: Asiiache kwa uamuzi wenu. Mtajieni daktari wa upasuaji dawa zote, yeye na wa moyo waelewane. Na kama anavuta sigara, hiyo ndiyo ya kuacha leo. Ngozi iliyohamishwa inahitaji damu.