Tupeane uzoefu: chuo chenu kiliposhirikiana na chuo cha nje kufundisha mtandaoni, nini kilibaki?

Chaki_Vumbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wahadhiri, mafundi wa TEHAMA, wakutubi, wanafunzi na yeyote aliyewahi kuwemo kwenye mradi ambao chuo chake kilishirikiana na chuo cha nchi nyingine kuhamishia masomo mtandaoni, au kuyafanya mseto: nusu ya wanafunzi ukumbini, nusu kwenye skrini.

Ripoti za miradi hii nimezisoma hadi nimechoka. Zote zina picha ya warsha, watu wamevaa beji, na zote "zilifanikiwa". Aprili 2020 UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani ambao shule na vyuo vyao vilikuwa vimefungwa, na hati za makubaliano zikaanza kusainiwa kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwenye kazi hii. Vumbi limetua. Tuambizane ukweli: mfadhili alipoondoka, nini kiliendelea kufanya kazi?

Nianze mimi. Nafundisha takwimu. Tuliletewa vitu vitatu: studio ya kurekodia, warsha, na utaratibu wa wenza, yaani kila mhadhiri wetu apangiwe mhadhiri wa somo lilelile ng'ambo. Studio ilipendwa na viongozi kwa sababu inaonyesheka mgeni akija. Warsha zilitufundisha vitufe. Kilichobadilisha ufundishaji wangu ni mwenza, mama mtu mzima aliyefundisha kwa masafa tangu enzi za vitini vya posta, na kwa kompyuta wala hakuwa ananizidi. Alipitia mpango wangu wa kozi akaniuliza mwanafunzi anafanya nini wakati mimi naongea. Swali hilo tu. Tukaukatakata mhadhara wa saa mbili: maelezo mafupi ya kurekodi, data halisi ya kuchezea, maswali yanayojisahihisha yenyewe, na kipindi cha moja kwa moja kikabaki cha waliokwama. Mradi ulishafungwa, ila mimi na yeye bado tunatumiana mitihani tukaguliane. Bajeti yake ni sifuri.

Karibuni. Msitaje vyuo vyenu, tusije tukaitwa ofisini.

Fundi_Seva

Mkuu, mimi niko upande wa mashine, na huko ndiko miradi mingi inakofia.

Washirika wetu walitusimikia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Uamuzi mzuri kabisa: ni programu huria, Martin Dougiamas aliianzisha Australia, toleo la 1.0 likatoka 2002, na hakuna anayekudai ada ya leseni kwa kila mwanafunzi. Tabu ni kwamba mtaalamu wao alikuwa hodari kupita kiasi. Alituandikia programu-jalizi zake mwenyewe: moja ya usajili, moja ya kupanga alama kwa mtindo wetu, nyingine ya kuunganisha na mfumo wa ada. Zilikwenda vizuri mno. Mradi ukaisha, naye akaajiriwa kwingine. Likitoka toleo jipya la Moodle, vitu vyake vinagoma. Tukibaki kwenye la zamani, viraka vya usalama vinakoma, maana hata yale matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu hupewa viraka kwa miaka mitatu hivi. Tukawa hatuendi mbele wala haturudi nyuma. Mwishowe tuling'oa kila alichoandika tukarudi kwenye Moodle tupu, ile anayoipakua kila mtu. Wahadhiri walinung'unika muhula mzima.

Mshirika aliyefuata hakuja na mashine hata moja. Kila mwezi mafundi wao na sisi tunaingia mtandaoni, tunachukua nakala rudufu na kuirejesha kwenye seva ya majaribio. Narudia: kuirejesha. Kuhifadhi nakala kila mtu anahifadhi, siku ya kuihitaji ndipo unagundua haifunguki. Na wakati wa kusasisha mfumo, sisi ndio tunaobofya, wao wanatazama na kuuliza maswali. Akiondoka mmoja wetu leo, kazi haisimami.

Kwa vipindi vya video tulitumia BigBlueButton, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carleton nchini Kanada mwaka 2007. Tangu Moodle 4.0 ya 2022, programu-jalizi ya kuiunganisha inakuja ndani ya Moodle. Ila itafutieni seva yake peke yake, yenye nguvu. Andiko la mradi linalosema vitu hivyo viwili vitakaa kwenye seva moja limeandikwa na mtu ambaye hajawahi kukesha navyo.

Kiti_cha_Nyuma

Mimi ni mwanafunzi, naleta ya upande wetu. Kozi yetu iliendeshwa na vyuo viwili, na mhadhiri wa ng'ambo alitaka kamera ziwashwe muda wote ili tujuane. Saa moja ya video ya kundi inaweza kula karibu gigabaiti nzima, wakati sauti peke yake ni makumi ya megabaiti. Wenye bando la simu tulikuwa tunaingia, tunaitikia jina, tunatoka. Kilichotuokoa ni aplikesheni ya Moodle ya kwenye simu: unapakua vitu vya wiki ukiwa kwenye waifai ya chuo, unasoma baadaye bila mtandao. Ilikuwepo siku zote. Aliyetuonyesha ni msaidizi wa maabara, hata hakuwa kwenye mradi.

Madarasa mseto nayo yana lake. Walioko ukumbini wanacheka, sisi wa kwenye skrini hatujui wanachekea nini. Mwalimu anachora ubaoni, kamera inaonyesha mgongo wake. Mambo yalibadilika alipoanza kupangwa mwanafunzi mmoja ukumbini, kwa zamu, kazi yake kusoma gumzo kwa sauti na kumkatiza mwalimu. Kumkatiza kwelikweli, katikati ya sentensi. Hilo halikuhitaji fedha za mtu.

Mama_Moduli

Mdogo wangu hapo juu, la kamera nakuunga mkono mia kwa mia.

Mimi nafundisha uuguzi. Tuliunganisha masomo kwa utaratibu wa COIL, ule ambao Chuo Kikuu cha Jimbo la New York, SUNY, kiliuanzishia kituo mwaka 2006. Hakuna anayepanda ndege. Walimu wa nchi mbili au tatu wanachukua kipande cha kozi walizonazo tayari, wiki kadhaa tu, na wanafunzi wanafanya kazi moja katika makundi yaliyochanganywa. Alama kila chuo kinawapa wa kwake. Hapo ndipo ninapoupendea utaratibu huu, maana huhitaji mabaraza ya vyuo viwili yakubaliane.

Tuliwapa kisa kimoja cha mgonjwa wa kisukari, waandike mpango wa huduma. Kundi moja likagawanyika: wa upande mmoja waliagiza vipimo na vifaa ambavyo wa upande mwingine hawajawahi kuvigusa, wakajibiwa kwamba mgonjwa huyo atakuwa amekwenda nyumbani kabla kipimo hakijapatikana. Walibishana kwenye gumzo usiku kucha. Mimi na wenzangu tulisoma yale maandishi asubuhi tukaacha kando tulichokuwa tumeandaa, tukafundisha kutokana na ubishi wao.

Kilichotutesa ni saa. Marekani hupeleka saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, Ulaya Jumapili ya mwisho ya Machi, na nchi nyingi za Afrika hazigusi saa zao kabisa. Sisi tulikuwa na vyuo vya pande zote tatu. Katikati ya tarehe hizo kipindi kinahama kutegemea nani aliyekiweka kwenye kalenda, na wanafunzi hawajui. Hawa wakawaona wale wavivu, wale wakawaona hawa wana dharau, kumbe kosa ni la kalenda. Oktoba mwishoni hadi Novemba mwanzoni yakajirudia kinyumenyume. Siku hizi ratiba tunaiandika kwa UTC, saa ya kimataifa isiyopelekwa mbele wala nyuma, na mkutano wa moja kwa moja ni wa kuanza na kumaliza tu. Katikati kila mtu anafanya kwa wakati wake.

Rafu_ya_Juu

Mkutubi hapa, sichukui nafasi. Kabla hamjapokea "nyenzo za bure" za mshirika, someni leseni. Tulipewa kozi nzima, nzuri, yenye alama ya CC BY-NC-ND, moja ya leseni za Creative Commons. Hizo herufi mbili za mwisho zinakataza kusambaza toleo lililobadilishwa, na tafsiri nayo ni badiliko. Huwezi kuweka mifano yako ukagawa. Pendekezo la UNESCO la 2019 kuhusu nyenzo huria za elimu linataka nyenzo ziweze kurekebishwa na kusambazwa upya, kwa hiyo ile haikuwa nyenzo huria hata kidogo. Tulimwandikia mshirika, akaibadilisha kuwa CC BY, inayoruhusu kubadilisha na kugawa mradi umtaje mwenyewe, kwa barua pepe moja. Wengi huweka ND kwa woga tu, ulizeni.

Sina_Beji

Mnaongea kana kwamba ushirikiano huu ni wa sawa kwa sawa. Kwetu wao walitunga, sisi tukajaribiwa. Maudhui yao, jukwaa lao, taarifa za wanafunzi wetu kwenye seva zao. Tulipoomba rekodi za vipindi tuliambiwa wanabanwa na GDPR, sheria ya Ulaya ya ulinzi wa taarifa binafsi iliyoanza kutumika 25 Mei 2018. Sheria ipo na ina maana yake, sibishi. Lakini mwanasheria wa chuo alipokaa nayo akaona kilichokosekana ni makubaliano ya maandishi: nani anahifadhi nini, kwa lengo gani, hadi lini. Pande zote mbili zilisaini kurasa nyingi za malengo na matarajio, ukurasa huo haukuwemo.

Halafu krediti. Kwa mfumo wa Ulaya wa ECTS mwaka mzima ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, kusoma peke yake kukiwemo. Idara yetu inahesabu saa za darasani. Vijana wakafaulu kozi ya mtandaoni, wakaja na vyeti vya PDF, idara ikasema havina pa kuingia. Upo Mkataba wa Kimataifa wa UNESCO wa kutambua sifa za elimu ya juu, ulipitishwa 2019 na kuanza kazi Machi 2023, na masomo ya mtandaoni umeyagusa. Ila unazibana nchi zilizouridhia tu, na mkuu wa idara yangu nina hakika hajawahi kuusikia.

Chaki_Vumbi

Sina_Beji, la krediti liliishaje? Na wakuu, hakuna aliyegusa mitihani. Sisi tulipewa programu ya kumchunga mtahiniwa kwa kamera, nina yangu moyoni ila nataka kusikia kwanza.

Sina_Beji

Kundi lililofuata tulitangulia. Kabla usajili haujafunguliwa, jedwali lilipelekwa kwenye bodi ya idara, kila shughuli na muda wake, wakaipitisha kama kozi ya hiari. Kundi la kwanza halikupata kitu.

Mama_Moduli

Za kamera tulizijaribu tukaziacha. Mtandao ukikatika mtahiniwa anawekewa alama ya kushukiwa, na anayeishi chumba kimoja na wenzake anashukiwa kila dakika. Mwenzangu wa ng'ambo alinionyesha wanavyofanya wao: kwenye Moodle swali la kukokotoa, tuseme la dozi, linaweza kumpa kila mtahiniwa namba zake, kisha unamwita kwa sauti dakika chache akueleze alifikaje kwenye jibu. Aliyenakili hafiki mbali. Kwa darasa la watu arobaini nimelifanya na nitaendelea. Kwa lile la mia nne tumerudi ukumbini na karatasi. Aliyewahi kulimudu darasa la ukubwa huo bila kamera aandike hapa, nami nitamtafuta.